Waya wa Makosa

Siku ya kwanza alipoingia katika karakana ya ushonaji ya Mama Mkubwa, mkataji mpya aliinua macho akaona suruali yenye miguu miwili ya kushoto ikining'inia juu ya waya. Waya wenyewe ulipita juu ya meza za kazi, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na suruali ilibanwa kwa vibanio kama nguo iliyofuliwa. Kando yake lilikuwapo shati ambalo mfuko wake umeshonwa pande zote nne, hata ukitaka kuingiza kidole huna pa kupitia.

Kumbe hata huku watu huanikwa, akajisemea.

Hakuwa mwanafunzi. Mikono yake ilijua mkasi tangu hajaota ndevu. Lakini umri wake wote wa kazi aliumaliza kwa bosi mmoja ambaye mafundi walimwita Radi, maana alipiga bila kutangaza. Kwa Radi, kipande kikiharibika kilirushwa usoni mwa aliyekiharibu, na yeye mwenyewe akaonyeshwa mlango. Basi watu wazima, wenye wake na wajukuu, walikuwa wakichomeka vitambaa vibovu ndani ya mashati na kutoka navyo jioni wamefura matumbo kama wajawazito. Hakuna aliyewafundisha ujanja huo. Walioanza kazi waliwatazama waliotangulia, wakaiga, wakazoea, na mwishowe wakaona ndivyo dunia ilivyo.

Kwa Mama Mkubwa mambo yalikuwa mengine. Aliyekosea alitundika kosa lake mwenyewe, kwa mkono wake. Wakati wa chai wote walikusanyika chini ya waya na vikombe vyao, na swali likawa moja tu: "Ilikuwaje?" Suruali ya miguu ya kushoto ilikuwa kazi ya Mama Mkubwa, mwenye karakana.

"Nilikuwa nasikiliza simu," alieleza, wala hakuona haya. "Mwanangu ananipa habari za mchumba wake. Mimi nafurahi, na mkasi nao unafurahi."

"Mpe huyo bwana harusi aivae," alisema Vifungo, mama mnene aliyeshona matundu ya vifungo na kuwatania watu kwa zamu. "Hatakimbia ndoa."

"Akikimbia atazunguka tu," alisema Baba Pasi, mzee wa kunyoosha nguo, na kicheko kikapasuka mpaka chai ikamwagika.

Kicheko kilipotulia wakakubaliana kuwa tangu siku hiyo kila mguu wa kulia utachorwa chaki kabla ya kukatwa. Mkataji mpya, ambaye walikwisha kumbandika jina la Mgeni, alicheka kwa meno tu. Alikuwa akisubiri waanze kugombana. Hawakugombana.

Wiki zikapita. Nyumbani mkewe alimwambia, "Baba watoto, siku hizi unapiga mluzi ukioga." Yeye hakujua kama alikuwa akipiga mluzi. Alichojua ni kwamba aliipenda karakana ile kuliko alivyowahi kupenda mahali pa kazi, na jambo hilo lilimtia hofu.

Ndipo ikaja kazi ya makoti ya bendi, mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Mgeni alikata vifua, akakata migongo, akafika kwenye mikono ya makoti. Hapo akafanya kama alivyozoea kwa Radi: mkono mmoja kichwa juu, wa pili kichwa chini, iingiane kama meno ya zipu na kitambaa kisipotee. Kwa kitambaa cha kawaida huo ni ufundi. Lakini mahameli ina vinyweleo, na vinyweleo vimelala upande mmoja. Ukigeuza kipande, rangi nayo inageuka. Alipoweka mikono miwili karibu na dirisha aliona mmoja umekoza na mwingine umepauka kama uliopakwa majivu.

Kabla hajawaza, mikono yake ilikwisha kusukuma rundo zima ndani ya gunia chini ya meza. Jozi iliyokuwa imetangulia kwa washonaji hakuikumbuka.

Usiku ule hakula vizuri. Asubuhi alipanga kuchukua mkasi wake wakati wa chai, atoke kama anayekwenda dukani, asirudi. Alikuwa amekwisha kuufunga kwenye kitambaa, Baba Pasi alipopanda juu ya kigoda, koti la bendi mkononi. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umepauka.

"Jamani, hili ni langu," alisema mzee, akitafuta kibanio. "Nimeiunguza mahameli ya watu. Nadhani mvuke ulizidi."

"Macho hayo, Baba Pasi," alisema Vifungo. "Tulikwambia ununue miwani, ukanunua kofia."

"Kofia inanipendeza."

Mgeni alisimama na mkasi wake kwapani. Kwa Radi angekunywa chai yake taratibu na kushukuru Mungu. Mlango ulikuwa wazi, na kosa lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe. Akamtazama yule mzee akijinyoosha juu ya kigoda, anatundika bila kutetemeka kosa ambalo hakulifanya, huku anataniwa naye anatania. Hakuwahi kuona mtu wa namna hiyo. Sasa alikuwa amezungukwa nao.

"Baba Pasi, shuka," akasema. Sauti ilimtoka ya mtu mwingine.

"Nishuke, kwani kigoda ni chako?"

"Kosa ni langu. Shikamoo, mzee wangu, shuka."

Mgeni alifumba macho, maana uso wake ulikuwa na kumbukumbu yake, ukawa unangoja kitambaa.

"Afadhali!" alisema Vifungo. "Huyu mzee alitaka kutuibia kosa la watu."

Wakacheka. Baba Pasi akashuka, akampa koti na kumsogezea kigoda. Mgeni alipanda, akalitundika. Alipogeuka, Mama Mkubwa alikuwa amemshikia kikombe.

"Haya, mwanangu. Ilikuwaje?"

Alianza kwa neno mojamoja. Kisha akaenda akaleta gunia, akamwaga mikono yote mezani, akaeleza habari za kubana kitambaa, akamtaja Radi, akaeleza hata habari za matumbo ya jioni. Alieleza mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemkata kauli.

"Kumbe ulifundishwa vizuri," alisema Mama Mkubwa, akipitisha kiganja juu ya mahameli, mbele na nyuma. "Ila ulifundishwa kwa ajili ya kitambaa kingine."

Wakaichambua mikono pale dirishani kwa kuipapasa, iliyolala huku na iliyolala kule. Iliyolala sawa na vifua ikaenda kwa washonaji. Iliyobaki ilikuwa nyingi, na ilibidi ikatwe upya kwa kitambaa kingine. Makoti yalikuwa yanatakiwa Alhamisi.

"Mkuu wa bendi lazima aambiwe," alisema Mama Mkubwa. Akabonyeza simu, akampa Mgeni. "Mwambie wewe. Kazi unaijua wewe."

Simu ikaita. Kwa Radi jibu lilikuwa moja siku zote: kesho, mzee, kesho asubuhi bila wasiwasi. Maneno hayo yalikuja yenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi wake. Akayameza.

"Habari za leo, mkuu. Mimi ni mkataji wa makoti yenu. Nimekosea mikono."

Upande wa pili ikasikika pumzi nzito. "Sasa ndiyo nini? Yatakuwa tayari lini?"

Mgeni alitazama rundo mezani, akakadiria kazi jinsi ilivyo.

"Alhamisi haiwezekani," akasema. "Jumamosi mchana."