Pete ya Mnara wa Nne

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kazi za juu, najibu: Mngoni mmoja mla panya. Wageni wanashtuka, wanadhani nina chuki. Chuki ya wapi! Sisi Wabemba na Wangoni tulipigana zamani mpaka tukachoka, tukabakiwa na utani tu: sisi tunawaita wala panya, wao wanatuita wala nyani. Mngoni akinitukana sina pa kumshtaki, na akifa, mimi ndiye wa kwenda kuwachekesha wafiwa. Ndivyo tulivyokuta.

Jina lake Zakeyo Makukula, msimamizi wetu kwenye kinu cha unga pale Ndola. Siku ya kwanza nilipopanda naye juu ya mnara wa mahindi, mita arobaini kutoka chini, niliifunga kamba yangu ya usalama kwenye reli ya pembeni. Reli ilikuwa imepakwa rangi vizuri, nikaiamini. Makukula akaja taratibu, akaishika kwa mkono mmoja, akaitikisa. Ikang'oka na kipande cha zege. Akaniwekea mkononi.

"Shika, mla nyani. Kamwonyeshe mama yako kitu ulichotaka kufa nacho."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, nilikuwa na miaka ishirini na sita tu. Lakini tangu siku ile sijafunga kamba mahali ambapo sijapauliza.

Kuuliza lilikuwa neno lake. Kabla ya kuweka pete ya chuma ya kufungia kamba, alipiga magoti akaligonga zege kwa nyundo ndogo, sikio karibu. Likilia zito, sawa. Likilia kama debe tupu, anahama. Hakukubali pete iwe karibu na ukingo, wala iwe kando ya mahali pa kazi. Alisema pete ikikaa kando, mtu akiteleza atabembea na kwenda kupiga ukuta kwa meno. Kisha tunatoboa matundu ya bolti, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu ya vumbi. Puliza tundu, sugua kwa brashi, puliza tena. Mara tatu! Mimi nilipuliza mara moja, nikataka kumimina gundi.

"Gundi ikishika vumbi, imeshika vumbi," alisema. "Utaanguka nalo, mzikwe pamoja."

Na alikuwa na sharti moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Pete mpya haitumiki mpaka mtani wa aliyeiweka aikague na kuning'inia kwanza, na lazima aitukane. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ndugu yako atakuonea haya, mkeo atakuonea huruma. Mtani ndiye atakayesema hiki kitu kimekaa kama jino la bibi." Basi miaka kumi na moja nilining'inia kwenye pete zake nikizitukana, naye akaning'inia kwenye zangu. Zile zilikuwa siku! Mchana tunakaa juu kule kivulini mwa mashine, tunakula nshima, yaani ugali wa kwetu, na dagaa wa kapenta, upepo unapeperusha pumba, naye ananiuliza kama leo mke wangu amepika mkia wa nyani au mkono. Na kila asubuhi, hata nikimtangulia mlinzi getini, salamu yake ilikuwa moja tu.

"Mla nyani, umechelewa!"

Mwaka mmoja nikaenda Kasama kumuuguza mama. Nilipewa siku kumi, nikakaa kumi na nne. Niliporudi nikakuta Makukula ameshaweka pete mnara wa nne. Nikaning'inia, nikaitukana kama kawaida. Yeye akawa anacheka peke yake.

"Safari hii nimekuwahi," akasema. "Nimeshakutukana kabla hujafika."

"Umenitukana wapi? Mbona sijasikia?"

"Utasikia."

Na hiyo ikawa pete yake ya mwisho, kwa sababu kifua kilimshika mwaka uleule, akafia kitandani kwake kama Mkristo.

Sasa nikiri jambo linaloniuma. Siku ya mazishi Wangoni wote walinisubiri. Ilinipasa nilale chini penye kaburi nikatae asizikwe, niseme huyu mwizi wa panya anadaiwa maelezo. Niliyapanga maneno njia nzima. Nikafika, nikafungua mdomo, nikalia kwa sauti kama mtoto. Mtani mzima! Binti yake, Tisauke, ndiye aliyenishika mkono akanikalisha kwenye benchi. Tangu siku hiyo akawa ananiita kwa heshima Baba Chipili, jina langu hilo, anapiga na magoti kana kwamba mimi si mtani wake. Kila akipiga goti lile, mimi naona aibu upya.

Ikapita miaka kumi na minane. Mwezi uliopita Tisauke, ambaye sasa ana kikosi chake cha wapaka rangi, akapata kazi ya minara ileile. Wenye kinu wakasema hakuna kuning'inia mtu kabla pete za zamani hazijakaguliwa na mtu anayezijua, na sahihi iwe yake. Waliokuwa wanazijua wote wako makaburini, nimebaki mimi na bustani yangu ya mboga. Nikapanda, tena kwa ngazi, nikipumzika kila ghorofa.

Pete za minara mitatu nilizikataa bila kufikiri, zege lililia kama debe tupu. Kwa ile ya nne Tisauke akanishika mkono.

"Hiyo ni ya baba. Jumatatu nitaning'inia mimi mwenyewe."

"Tuiulize kwanza."

"Iulize, Baba Chipili. Lakini baba hakuwahi kukosea."

Nikapiga nyundo kuizunguka. Zege likalia zito, safi. Tukaiwekea mashine ya kuvuta, mshale ukapanda mpaka unapotakiwa, ukasimama pale dakika tatu bila kutikisika. Kikosi kikapiga makofi. Tisauke akafuta macho kwa mkono wa ovaroli, akanipa karatasi na kalamu.

Nilitaka kusaini, sitadanganya. Nilitaka ile pete ibaki pale mpaka na mimi nife. Lakini mashine ilipokuwa inavuta nilikuwa nimeona kitu chini ya sahani ya chuma inayobeba pete: maji membamba ya rangi ya chai yametoka, yakarudi. Kutu. Mashine haikuyaona, wala binti hakuyaona kwa sababu alikuwa anamwona baba yake tu kwenye ile pete.

Nikaishika kalamu nikawaza: Chipili, ulikosa tusi pale kaburini, utalikosa na hapa? Jumatatu mtoto wa Makukula yuko juu ya mita arobaini.

"Tisauke," nikasema. "Hii pete imeoza kama jino la bibi."

Uso ukamshuka. "Mashine imesema imeshika."

"Imeshika leo. Baba yako alikuwa mla panya mvivu, na alichoacha hapa ni kama paka kala samaki kaacha miiba! Ing'oeni!"

Hakuna aliyecheka. Tisauke alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona machoni pake, akachukua spana mwenyewe. Nati mbili zikafunguka. Kwa mbili zilizobaki, bolti zenyewe zilikatika kabla nati hazijazunguka. Akaokota kipande kimoja. Pale palipokutana na zege kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kimebaki chembamba kuliko kalamu niliyoshika. Mzee alikuwa ametumia bolti za chuma cha kawaida, bila shaka zile nzuri stoo zilikuwa zimekwisha.

Tisauke akakaa chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Jumatatu..."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaigeuza ile sahani ili aiweke pembeni, akasita. Upande wa chini, ambao mtu hawezi kuuona mpaka aing'oe, palikuwa na herufi zilizopigwa kwa nyundo moja moja, zimepinda kama mwandiko wa baba yake ulivyokuwa. Akasoma kwa sauti.

"Mla nyani, umechelewa."

Miaka kumi na minane lile tusi lilikuwa limelala pale likinisubiri niifanye kazi yangu. Nikalia, na safari hii nikacheka humohumo, na kwa machozi yale nikamtukana Zakeyo Makukula matusi yote niliyoyapanga njiani siku ya mazishi, moja baada ya jingine, mpaka pumzi ikaniishia. Tisauke alicheka akashika mbavu, huku analia.

Alhamisi tukaweka pete mpya, kwa bolti zisizoshika kutu. Alitoboa yeye, akapuliza vumbi mara tatu nikihesabu. Gundi tukaiacha ikauke. Ijumaa nikaamka alfajiri, nikafika kabla geti halijafunguliwa, nikapanda ngazi zote. Nikamkuta juu ameshatangulia, ameshika mkanda wa usalama ulionitosha. Hakupiga goti.

"Vaa, mla nyani," akasema. "Umechelewa."