Taarifa ya Habari ya Léoncie

Siku mwalimu Népomuscène aliporudi darasani kutoka matangani, watoto wote walijua kwamba yafaa kunyamaza. Mama zao walikuwa wamewaonya nyumbani: mwalimu amefiwa na mdogo wake, gari lilishambuliwa njiani kule milimani, msimsumbue. Hata watundu wa viti vya nyuma waliinamisha vichwa. Lubna peke yake ndiye aliyesimama. Akakunja mikono nyuma, jinsi alivyodhani wasomaji wa redio husimama, akatamka kwa sauti nzito isiyofanana na umri wake wa miaka minane:

"Familia ya Birindwa, kwa huzuni kubwa, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki walio Bujumbura, Gitega na Bukavu kifo cha mpendwa wao Marcellin..."

Hakukosea hata neno. Alitaja mjane, akataja parokia, akataja saa ya misa na mahali pa kukutania baada ya mazishi. Mwalimu alisimama na chaki mkononi mpaka tangazo likaisha. Kisha akatoka nje, na watoto wakamsikia akilia nyuma ya ukuta.

Kesho yake Assia, mama yake Lubna, akaitwa shuleni.

"Mama Lubna, mi sina hasira naye," mwalimu alimwambia. Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Lakini mule ndani nina watoto wamebanana kama ndagala kwenye kikapu. Huyu wako simuwezi. Umupeleke pengine."

Walipokuwa wakirudi nyumbani Buyenzi, mtaa wa hapo Bujumbura, Assia alimuuliza binti yake kwa nini alimtonesha mwalimu kidonda namna ile.

"Redio ilipotangaza, yeye alikuwa kwenye kilio," Lubna akajibu. "Labda hakusikia."

Assia alimshika mkono, ingawa Lubna hakupenda kushikwa, wakaenda hivyo hivyo.

Hilo halikuwa la kwanza. Lubna alikuwa hali wali uliogusana na mchuzi. Filimbi ya mchezo ikilia, alijibanza chini ya meza akaziba masikio. Jirani yao Sikuzani alipojifungua na kuleta mtoto aonwe, Lubna alimtazama yule kichanga kwa makini, kisha akasema kwamba bado hajawa mzuri, labda baadaye. Wapo mtaani waliosema ni majini, na wapo waliosema ni malezi. Shehe alimsomea dua, na Lubna akazishika dua zote siku hiyo hiyo, ila mengine hayakubadilika. Baba yake, Ilyasi, alikuwa dereva wa lori, na barabara za vita zilimweka mbali wiki nyingi. Alipokuwa nyumbani alimtetea bintiye kwa neno moja tu: "Muache. Ndivyo Mungu alivyomuumba." Lakini hakuwa yeye aliyeitwa shuleni.

Sikuzani, ambaye kwa bahati hakuwa mtu wa kinyongo, ndiye aliyewaelekeza kwa daktari Astère. Daktari huyo alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji wakati ambapo wengi waliojiweza walikuwa wanaondoka, akafungua chumba cha kuonea wagonjwa Kiriri, kule juu ambako ziwa lote huonekana. Daktari hakumgusa Lubna wala hakumpima joto. Alimuuliza habari za redio. Wakazungumza mpaka chai ya Assia ikapoa.

"Ana kitu wanachokiita Asperger," daktari alisema mwishoni.

"Dawa yake, Dokta?"

"Haina dawa kwa sababu si ugonjwa. Kichwa chake kimepangwa namna yake. Mi na wewe tukiona uso wa mutu tunajua amekasirika, ama anataka kulia. Yeye uso haumuambii kitu mpaka mutu amuambie kwa maneno. Atafutiwe darasa dogo, mwalimu asiyefoka, na mutu wa kumueleza jambo kabla halijafika."

"Darasa kama hilo liko wapi katika mji huu?"

"Shule za serikali, apana. Jaribu za privé. Kuna moja Mutanga Sud."

Shule hiyo ilikuwa katika nyumba kubwa ya zamani, yenye bustani na veranda iliyogeuzwa darasa la wadogo. Mkuu wake, Madame Jovithe, alikuwa mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo, na alisikiliza bila kupepesa. Assia alimweleza yote, hata habari ya tangazo la kifo, maana alijua ikisemwa na mwingine itakuwa mbaya zaidi.

"Hii ni shule, Mama," Madame Jovithe akasema. "Si hospitali. Wazazi wanatuletea watoto wapate utulivu. Utulivu wenyewe leo unauona wapi mjini?"

Nje, watoto walikuwa wakipita kwenda mapumziko. Assia alikuwa fundi cherehani, na jicho la kazi likamponyoka.

"Madame, nani anawashonea watoto wako?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kola zimepinda. Na pindo la yule mudogo limeshonwa na mutu aliyesinzia."

Madame Jovithe alivaa miwani yake, akatazama dirishani kana kwamba anawaona wanafunzi wake kwa mara ya kwanza. Fundi wao wa zamani alikuwa amekimbilia Kigoma, akasema, na aliyempata baadaye hajui kupima bega. Wakaongea habari za vitambaa. Walipomaliza, Assia alikuwa amekubali kushona sare za shule nzima badala ya ada ya Lubna, na Madame alikuwa ametoa sharti lake: Lubna awe na mtu mzima wa kukaa naye darasani, na ikifika Pasaka, kama darasa halitulii, waondoke bila ugomvi.

Mtu huyo alikuwa Léoncie. Alikuwa msichana Mkristo, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyepanga kwa shangazi yake Nyakabiga. Chuo kilikuwa kimefungwa tena kwa mgomo. Alikuja kupimwa gauni, akamsikia Assia akilalamika peke yake huku sindano zimejaa mdomoni, akacheka: "Mama Assia, mi niko hapa sina kazi. Nipe huyo mutoto."

Juma la kwanza lilikuwa msiba. Kengele ikilia Lubna alipiga mayowe. Siku somo la kuimba lilipobadilishwa na kuchora bila taarifa, alichana daftari la jirani yake, na Léoncie alipomshika akavutwa nywele mpaka misuko ikafumuka. Jioni hiyo waliteremka kutoka Mutanga. Walipofika Nyakabiga, penye maduka, redio moja ilikuwa ikisoma habari, na Lubna, aliyekuwa akitetemeka tangu mchana, akaanza kuisoma pamoja nayo, neno kwa neno, na mabega yake yakashuka.

Léoncie alisimama kusikiliza. Asubuhi iliyofuata, Assia alipomleta Lubna mpaka kona waliyoahidiana, Léoncie aliwasubiri amesimama wima, mikono nyuma.

"Hapa ni Léoncie, kutoka Nyakabiga. Hii ni taarifa ya habari ya asubuhi. Kwanza, hesabu, kutoa kwa kukopa. Pili, kengele ya mapumziko italia, itakuwa kali, lakini fupi. Tatu, Mwalimu Ingrid ana mafua leo. Uso wake utakuwa umekunjamana. Hajakasirika na mutu yeyote."

Lubna alisikiliza mdomo wazi. "Na hali ya hewa?" akauliza.

"Mvua baada ya saa sita."

Mvua haikunyesha, na Lubna alimdai masahihisho kesho yake. Lakini kengele ililia, naye akaziba masikio mapema na kubaki kitini.

Tangu hapo Assia hakurudi tena nyumbani kutoka kona ile. Alikuwa na sare za kupeleka, alisema, na siku nyingine hakuwa na sare zozote, akapanda nao tu. Walitoka Buyenzi mafundi wa bati wakianza kugonga na chapati za kwanza zikigeuzwa, wakapita Bwiza ambako baa zilikuwa zimelala, wakamkuta Léoncie Nyakabiga, wakapanda polepole, habari zikisomwa. Kukiwa kumenyesha, ukigeuka nyuma uliona milima ya Kongo imesogea karibu ng'ambo ya ziwa, kijani mpaka kwenye mikunjo. Wauza duka walizoea. Wengine waliacha kufagia wasikie. Hata askari wa kizuizi cha barabarani, vijana waliokesha na bunduki, walikuwa wakiuliza kwa Kirundi, "Na sisi, habari zetu?" Léoncie akawasomea: askari mmoja ameota mchicha kwenye meno, ajiangalie kwenye kioo. Wakacheka wote, na Lubna naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuelezwa.

Pasaka ilifika ikapita. Hakuna aliyewaambia waondoke.

Kiangazi cha mwaka wa pili, mabomu yalirushwa mjini kutoka milimani, asubuhi kweupe, watoto wakiwa darasani. Assia alikuwa kwenye cherehani. Hakufunga hata mlango. Watu walikuwa wakiteremka mbio na magodoro vichwani, yeye akipanda kinyume chao, kitenge kimemdondoka, na kila mlio ulipopiga alihesabu kwamba umeangukia pale pale shuleni. Haukuwa umeangukia pale. Alimkuta Léoncie getini, goti linavuja damu, analia.

"Alinikimbia, Mama. Bomu lilipolia alikimbia. Nimetafuta bustani yote."

Walimkuta ofisini. Chini ya meza kubwa ya mkuu wa shule, miguu miwili mirefu ilikuwa imejitokeza, bila viatu, na kando yake kandambili za Lubna. Madame Jovithe alikuwa amelala chini sakafuni, miwani imevunjika, akitazamana na mtoto bila kumgusa.

"Rudia," Lubna alikuwa akisema.

"Hapa ni Jovithe, kutoka Mutanga Sud," Madame alisoma. "Milio itaendelea. Baadaye itanyamaza. Mama yako atakuja."

"Saa ngapi?"

"Saa haikutangazwa."

Kisha akamwona Assia mlangoni. Alitoka chini ya meza taratibu, akajipangusa vumbi, akajaribu kuvaa ukuu wake tena, lakini ukawa hauvaliki.

"Asante kwa kuja," alisema. "Sikuwa na hakika na habari hiyo."

Shule ilipofunguliwa, Léoncie aliandikwa kazi rasmi, akapewa mtoto mwingine wa kumsaidia pamoja na Lubna. Hakuna aliyetaja sharti la Pasaka tena.

Léoncie alikaa mpaka chuo kikamruhusu kumaliza, kisha akapata kazi ya ualimu Gitega. Siku ya kuondoka Lubna alikataa kwenda kituoni. Alisema ameshaambiwa, anajua, na kwenda hakutabadilisha. Assia akaenda peke yake. Aliona jinsi Léoncie alivyokuwa akitazama nyuma yake kutafuta mtu mwingine, akamwambia haraka, "Anakupenda. Uso wake hausemi, lakini mi nakuambia." Léoncie akamkumbatia mpaka konda akapiga kelele.

Lubna alimaliza shule ya msingi pale pale Mutanga, akaendelea mbele. Alipokua alikuwa akienda peke yake. Vita navyo vikaisha, kidogo kidogo, kama watu wanavyoondoka kwenye karamu. Vizuizi vikaondolewa. Wale askari vijana, Assia hakujua walikwenda wapi.

Siku hizi wateja wakiketi kungoja nguo zao huanza kusimulia miaka ile: nani aliuawa, nani alikimbia, nani hakurudi. Assia husikiliza, hushona, husema *inna lillahi*. Sikuzani alimzika kaka yake miaka ile. Kwa hiyo Assia hawezi kumwambia mtu kwamba usiku mwingine huamka na kuitamani, miaka ile ile, alfajiri zake, mteremko na mwinuko, binti yake mdogo akienda mbele na yule msichana akisoma kwa sauti. Huona haya. Huenda dukani, huwasha cherehani, na mguu wake huanza kazi kabla yeye mwenyewe hajaamka sawasawa.