Kabla ya Kupaka Rangi

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ni bingwa wa kufukuza wateja. Akimaliza geti hapaki rangi mpaka mwenyewe aje aone maungio yakiwa wazi. "Hapa moto ulizidi," anamwonyesha kwa kidole, "na hapa nimerudia." Mteja aliyekuja na furaha anaondoka na mashaka, na safari nyingine anakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hupaka kwanza na kuzungumza baadaye. Mtaani wanamwita Ndiyo-Siyo, kwa kuwa kila akishawishiwa kupindisha neno hujibu kwa maneno ya Bwana Yesu: ndiyo yenu iwe ndiyo, siyo yenu iwe siyo. Nilizoea kumtania kwamba mke atakayemuuliza kama gauni limemkaa vizuri atarudi kwao siku hiyohiyo. Hakuoa.

Aliyemfundisha hayo ni Mama, kwa Biblia na kwa ufito. Sisi wengine tulichapwa, tukalia, yakaisha. Yeye yalimwingia.

Mwaka huu kitinda mimba wetu alikufa. Lori alilopanda kwenda kutafuta kazi lilipinduka huko mbali, Kaka akaenda kumtambua, akamzika hukohuko. Mama alikuwa kitandani na moyo uliochoka, na daktari alishatuonya kwamba mshtuko wowote utamwondoa. Mimi na mama mdogo tukakubaliana: kijana amepata kazi, ila huko aliko simu hazishiki. Kaka alitusikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi sitaanza kumwambia," alisema. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

"Basi usikae karibu naye mpaka akauliza," nikamjibu.

Akawa anaingia chumbani, anamwamkia Mama, anasali naye, na kabla amina haijamkauka mdomoni yuko mlangoni. Mama si mjinga. "Huyu ananikimbia," aliniambia. Akaanza kukataa uji. Alisema sisi tunamlisha maneno, na maneno hayashibishi. Ndipo mama mdogo, kwa kumwonea dada yake huruma, akaropoka: "Jamani, kijana alishuka mjini akapiga simu, hata Ndiyo-Siyo ameongea naye!"

Mama akainuka akakaa. Siku nyingi alikuwa hakai bila kushikiliwa. Alimaliza bakuli zima la uji, akaomba kitana, akasema, "Niitieni mwanangu."

Nilimkuta Kaka karakanani, geti limelala mbele yake bila rangi. Nilimweleza yote, kisha nikapiga magoti palepale kwenye vumbi la chuma, mimi nisiyempigia mtu magoti.

"Neno moja tu, Kaka. Sema ndiyo, basi. Mungu ataelewa. Mungu si askari wa barabarani."

"Mimi namwegemea Mungu kwa sababu hasemi uongo," alisema. "Nikianza kumtumikia kwa uongo, nimebaki na nini?"

"Umebaki na mama!"

Alinawa mikono kwa muda mrefu, akanifuata. Njia nzima alikuwa analia waziwazi, watu wakitutazama, nami nikajipa moyo kwamba machozi yale yatamlainisha.

Mama alikuwa amechana nywele zake zote nyuma. "Mwanangu," alisema, "mdogo wako yu hai?"

Mama mdogo alimfinya Kaka mgongoni. Mimi nilimkazia macho mpaka yakaniuma.

"Hapana, Mama. Nilimzika mwenyewe."

Mama alimtazama kama anayetafuta mtu mwingine kwenye sura ile. Kaka akapiga magoti, akataka kumshika mkono wasali. Mama akauficha mkono chini ya shuka.

"Toka," alisema. "Wewe na huyo Mungu wako, tokeni."

Akageukia ukutani. Tangu hapo hakutaka uji, wala mchungaji, wala wimbo. Kaka alikuwa anakaa nje ya dirisha lake, juu ya ndoo iliyofudikizwa, akisali kwa sauti ya chini ili asimuudhi. Mama aliniambia nifunge dirisha, nami nililifunga kwa nguvu, nikatamani lingekuwa na vidole vya Kaka katikati. Wiki haikuisha Mama akafa, hajamsamehe mtoto wala Mungu. Daktari alisema moyo ule usingefika mbali kwa vyovyote. Huenda ni kweli, huenda naye alikuwa anatupakia rangi.

Makaburini mchungaji alisema Mama amepumzika kifuani mwa Bwana. Mama mdogo akasema hivyohivyo, na majirani, na kila aliyenishika mkono. Sikumwamini hata mmoja, maana mbele ya mfiwa mtu atasema nini kingine? Watu walipotawanyika tulibaki mimi na Kaka nyumbani tukikunja turubai. Tangu siku ile nilikuwa sijasema naye. Nilimchukia, na bado namchukia, lakini duniani nimebakiwa na mdomo mmoja tu ninaouamini.

"Kaka," nikamuuliza, "Mama yuko kwa Mungu?"

Aliishika pembe ya turubai kifuani. Nikamwomba Mungu, mimi niliyekuwa nimeacha kusali, amfanye kaka yangu adanganye mara moja tu maishani mwake.

"Sijui, mdogo wangu," akasema.

Tukaendelea kukunja turubai.