Mizizi Kutoka Kambi ya Reli

Tangu patasi iteleze na kumkata kifundo cha mkono wa kulia, Angwenyi hakutulia. Miezi mitatu sasa, kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa kama vya mtu mwingine. Pale Tabaka, alikochonga vinyago vya mawe, mchongaji hulilowesha jiwe kisha hulipapasa kwa kidole gumba. Mkwaruzo ambao jicho limeukosa, kidole huukamata. Yeye alipapasa, asikamate kitu.

Daktari aliyemshona alimweleza kwamba mshipa wa fahamu uliokatika huota tena, ila polepole, kama pingili moja ya kidole kwa mwezi. "Jigonge taratibu kuanzia kwenye kovu. Ukisikia kama siafu wanatambaa, ujue umefika hapo."

Angwenyi alijigonga asubuhi, akajigonga akiwa migombani, akajigonga kanisani Sabato wakati wa maombi, hadi mkewe Gesare akampiga kiwiko.

"Baba Kemuma, unambishia Mungu hodi?"

Ndipo shemeji yake Makori akarudi kutoka Tanzania, alikojenga reli pamoja na Wachina, akiwa na mfuko wa mizizi mikavu yenye rangi ya manjano.

"Chemsha, uloweke vidole. Maji yawe vuguvugu, shemeji. Mchina mmoja aliangukiwa na chuma mkononi, akatumia hii."

"Akapona?"

"Nilimwacha akiloweka."

Angwenyi aliiombea mizizi ile, akaomba na msamaha iwapo ni kosa, kisha akaichemsha. Hakuwa na subira ya kungoja ipoe. Akajaribu maji kwa kidole gumba cha kulia, kilekile alichokiamini maisha yake yote. Kikamwambia ni salama. Akavizamisha vile vitatu, taratibu, mpaka shina la gumba likagusa maji.

Akapiga yowe.

Gesare alikuja mbio, akamkuta vidole vyekundu, malengelenge yakianza, naye anacheka huku machozi yanamtoka.

"Imeniuma, Gesare! Hapa kwenye shina!"

"Umeungua, mwanamume wewe! Dawa gani hii?"

"Si dawa, haijakaa hata dakika. Mungu alikuwa ameshafika hapa, nami sikujua."

Gesare alimmwagia maji baridi. Angwenyi alianza kushukuru, akakatiza sala katikati, akamnyooshea ncha ya kidole.

"Na hapa? Bonyeza."

Akabonyeza. Ncha haikuhisi kitu.

"Tena."

"Baba Kemuma, ngozi itatoka."

"Tena, nakuomba."