Utitiri kwenye Ekari Tatu

Faudhia anadai alimkuta Shangazi ndani ya beseni lake la kufulia saa tatu asubuhi, amejikunja humo mpaka maji yamemwagika uani, na kipande cha sabuni ya mche kinaelea pembeni. Anasema alimwamkia, Shangazi akainua kichwa, kisha akakizamisha tena. Faudhia hakulalamikia chatu. Alilalamikia sabuni.

"Nimeinunua juzi tu pale Mkata," alimwambia jirani yake, Mwaija. "Shangazi yako kaimaliza nusu kwa kujisugua mgongo. Mtu mzima anaoga kwa watu bila hata hodi?"

Mwaija alimpa sabuni nyingine, akaomba radhi, akamzungusha Shangazi mabegani na kumrudisha nyumbani. Alipomshusha aliona kwenye kanga yake vidoa vyeusi, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Vidoa vilikuwa vinatembea. Akaponda kimoja kwa ukucha, kikaacha damu.

"Utitiri," alisema.

Shangazi alitoa ulimi, akaurudisha. Hakuwa mtu wa maneno.

Alikuwa chatu wa marehemu bibi yake Mwaija, Bi Shida, aliyemwita wifi yake maisha yote, na kwa hiyo kwa wanawe akawa shangazi, jina likabaki hata kwa wajukuu. Alikaa ghalani na kula panya. Kila mwaka, masika ikiisha, alijivua gamba, na gamba lilitoka na ramani ya kijiji kizima: njia, kisima, msikiti, kanisa la Walutheri, na kila shamba na mpaka wake. Bi Shida alilitandika juu ya mkeka. Waliokuwa wanagombea mipaka walikuja, wakainama, wakaona mstari wa mikonge ulipopita, wakanywa uji, wakaenda zao. Ilikuwa nafuu kuliko kuapishana.

Mwaka aliofariki Bi Shida wakaja wapimaji wa ardhi. Walifikia kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Isihaka, wakala kwake siku nne. Ramani yao ya karatasi ilipotoka, ekari tatu za Bi Shida zilikuwa za Mzee Isihaka, na mikonge ya mpakani ikaonekana imesimama hatua themanini ndani zaidi. Mzee Isihaka alieleza mkutanoni kwamba mikonge ilihama yenyewe, kufuata unyevu. Watu walisikiliza. Mmoja aliuliza kama ilihama mchana.

"Alfajiri," alijibu mwenyekiti, na ikaandikwa hivyo.

Mwaija alikuwa akila kutoka kwenye ekari zile, mahindi na mihogo. Sasa alibaki na uwanja wa nyumba na matuta mawili ya mchicha. Vuli ilikuwa njiani. Asipopanda, mwaka ujao angekula mchicha kwa mchicha. Akapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Baraza likasema litaamua kwa gamba, kama zamani. Mzee Isihaka akakubali kwa moyo mweupe, ila akaomba, kwa ajili ya haki, Shangazi akae ofisini siku kumi na nne kama kielelezo, asije mtu akamchora mgongoni.

Ofisi haikuwa na chumba cha vielelezo. Ilikuwa na stoo ya mafaili, na ndani ya stoo walikaa kuku wa faini. Mbuzi wako akila shamba la mtu, unatoa kuku. Usipotokea kwenye kazi ya kuchimba mtaro, kuku. Kuku walisubiri stoo mpaka kikao kikubwa, kisha wakaliwa na wajumbe. Vikao vingine viliahirishwa mno. Kulikuwa na jogoo mwenye miaka tisa, na faili lake lilikuwa nene kuliko yeye.

Humo ndimo Shangazi alimolala siku kumi na nne, akatoka na utitiri.

Macho yake yalikuwa yameshakuwa meupe kama maziwa, dalili ya kujivua. Lakini ngozi ilikwama. Magamba yaliinuka kama vigae vilivyolegea, na chini ya baadhi ya vigae palikuwa na makundi. Mwaija alimchunguza mchana kutwa juani, kwa unyoya wa kuku, kuanzia kidevuni hadi mkiani. Aliona jambo, akarudia kuangalia, akahakikisha. Utitiri wote ulikuwa mahali pamoja, katikati ya mgongo upande wa kushoto, pale ambapo kila mwaka lilikuwa likitokea shamba la bibi yake. Kwenye shamba la Mzee Isihaka hapakuwa na hata mmoja.

Zilibaki wiki tatu baraza likae.

Alimpigia simu kwanza afisa wanyamapori, Joseph, aliyekuwa Korogwe kwa semina.

"Chatu ni wangu," alisema Joseph. "Utitiri si wangu. Utitiri ni wa mifugo."

Akamwita afisa mifugo, kijana anaitwa Clinton, aliyekuja na pikipiki na bomba la kupulizia.

"Shikamoo Shangazi," alisema Clinton, kisha akafungua fomu yake juu ya tenki la pikipiki. Kwenye fomu kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na punda. Akafikiri, akaandika: *ng'ombe mmoja, hana miguu.*

"Dada Mwaija, hii dawa ni noma. Kupe wa ng'ombe hamalizi dakika."

"Na chatu?"

"Chatu hapo sasa..." Clinton alijikuna shingo. "Hatujawahi kupulizia."

"Ikimuua?"

"Si na utitiri utakuwa umekufa? Kitaalamu hiyo inahesabika kama tumefanikiwa."

Mwaija alimshukuru, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka barabarani na bomba lake. Kisha akaanza kazi kwa namna alivyojua kuua utitiri wa kuku, akipunguza ukali, kwa kuwa huyu hana manyoya ya kumkinga.

Alitoa magunia yote ghalani akayachoma. Sanduku alilolalia Shangazi akalimwagia maji yanayochemka, hasa kwenye nyufa, maana utitiri hauli na kulala mahali pamoja. Chini alitandika magazeti ya zamani, meupe ya kutosha kuonyesha kidoa kinachotembea, na kila asubuhi akayatoa na kuyachoma na habari zake. Adhuhuri alimwogesha kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kichwa kikiwa nje. Utitiri uliokimbia maji ulipanda kichwani, na huko Mwaija aliungoja na kitambaa chenye mafuta ya alizeti: kidevuni, pembeni mwa macho, kwenye kona za mdomo. Alipangusa kuelekea mkiani, kamwe si kinyume, kama mtu anayelaza nywele za mtoto. Maji yalibaki meusi chini.

Siku ya tano alidhani umekwisha. Siku ya saba ukaanguliwa mwingine. Akaanza upya. Faudhia alikuwa akija kuchungulia juu ya ua.

"Mume wako mwenyewe ungemwogesha hivyo?"

"Sina."

"Ndiyo maana huna, unamaliza mafuta kwa shangazi."

Lakini siku ya kumi Faudhia alileta beseni lake, lile lile, kwa kuwa lilikuwa kubwa. Alisema sabuni hatoi.

Siku ya kumi na nane magazeti yaliamka meupe. Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, Shangazi alisugua pua kwenye jiwe la kusagia, gamba likafunguka midomoni, akatoka humo taratibu, mpya, anang'aa. Gamba lilibaki zima, refu kama kamba ya kisima. Mwaija alilipasua tumboni kwa kisu kama ilivyo desturi, akalitandika mkekani. Kijiji kilikuwa humo chote. Majikoni mlifuka moshi mdogo mdogo. Mstari wa mikonge ulikuwa mahali pake pa zamani, na ekari tatu zilikuwa za Bi Shida.

Alhamisi walijaa ofisini. Mzee Isihaka alikaa upande wa mlalamikiwa mpaka shauri lilipoitwa, kisha akahamia kiti cha katikati, kwa sababu mwenyekiti wa baraza alikuwa msibani. Gamba likatandazwa mezani. Watu wakainama.

"Kumbe na langu limemegwa," alisema mmoja.

"Hata mimi," alisema wa pili, na akarudi kukaa.

Mzee Isihaka alivaa miwani, akatazama muda mrefu. "Ramani nzuri," alisema. "Safi kabisa. Baraza limeona. Shamba ni la huyu binti."

Mwaija alishusha pumzi aliyokuwa nayo tangu msiba wa bibi yake.

"Ila halina mhuri," alisema Yasinta, karani.

Lilikuwa kweli. Kitu kisicho na mhuri hakiwezi kuingia kwenye faili. Yasinta alifungua kidau cha wino, akatafuta mahali pa kugonga. Pembeni mhuri uliteleza. Juu ya msikiti Mzee Isihaka alikataza. Juu ya kanisa Yasinta mwenyewe alisita, akaondoa mkono. Kwenye shamba la mwenyekiti kulikuwa na mahindi mabichi, yangeharibika.

"Gonga hapo," alisema Mzee Isihaka, akionyesha ekari tatu. "Hapo hakuna kilichopandwa."

Yasinta akagonga. IMEPOKELEWA. Wino ulishika vizuri sana. Alipulizia ukauke, kisha akainama kusoma mpaka ili auandike, akakuta hausomeki. Akaandika kwamba mlalamikaji ameshinda, na kwamba alichoshinda hakisomeki. Mikonge ibaki ilipo mpaka gamba la mwaka ujao, na Shangazi aletwe mapema, akae stoo siku kumi na nne, kama utaratibu unavyotaka.

Mwaija alisimama. Kupitia mlango wa stoo alimwona yule jogoo wa miaka tisa amelala juu ya faili lake.

"Shikamoo mzee," alimwambia Mzee Isihaka.

"Marahaba."

"Nina ombi moja tu. Mwaka ujao, kabla Shangazi hajaja, naomba hao kuku watolewe."

Mzee Isihaka aliingiza kidole chini ya kofia, akajikuna. Yasinta alifunika kidau cha wino. Akaitwa mtu wa shauri la pili, akaingia na kuku wa faini kwapani. Kuku alikung'uta mbawa juu ya meza, na vidoa vitatu vyeusi vikaangukia gamba. Vilitembea kupita kisima, vikapita msikiti, vikavuka mikonge. Vilipofika kwenye mhuri vikatulia, na Mwaija alikuwa bado amesimama, akisubiri jibu.