Nyumba Iliyopungua Kila Muhula

Ofisini walimwita Mkasi, na yeye alijua. Aliwahi kumsikia dereva akimwambia mwenzake, "Leo nampeleka Mkasi shuleni, waombee," akajifanya hasikii, akafunga mkanda na kutazama dirishani. Kazi yake ilikuwa kusimamia shule za sekondari za ufundi za serikali: fani zipi zifundishwe, kwa utaratibu gani, na kila mwanafunzi agharimu kiasi gani. Ukimpa mtu kazi kama hiyo usitegemee apendwe. Mumewe alizoea kumtania kwamba hata chumvi ya mboga anaipunguza kwa asilimia.

Asubuhi hiyo alikuwa njiani kwenda kwenye shule ambayo hakuwahi kuikagua. Kila zamu yake ilipofika alitafuta sababu ya kumwachia mwingine, kwa kuwa mwalimu wa uashi pale alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Safari hii hakukuwa na mwingine. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine amelazwa. Jana yake mkurugenzi alimwekea jalada mezani na kusema kwamba fani ya uashi ya shule ile ni ghali kuliko zote zilizo chini yao, aende akaone kama ifungwe. Angeweza kusema palepale, "Yule ni kaka yangu." Alifungua mdomo, akaufunga, akabeba jalada.

Kwa nini alifanya hivyo, hata yeye hakujua vizuri. Tangu mama yao alipozikwa walikuwa wakizungumza kwa simu tu, sikukuu kwa sikukuu, kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za afya kama mtu wa mapokezi hospitalini. Hawakugombana. Nyumba ya wazazi iliuzwa, wote wawili wakakubali, aliyeinunua akaibomoa ajenge yake, na baada ya hapo hawakuwa tena na mahali pa kukutana. Labda alilibeba jalada lile kwa sababu lilikuwa njia ya kumwona.

Alifika muhula ukiwa ukingoni. Mkuu wa shule alimpokea kwa chai na maneno mengi, kama wanavyopokelewa watu wenye mkasi mkononi, naye akaomba aende karakana ya uashi peke yake. Ilikuwa mwisho wa uwanja, jengo refu lenye paa la bati lililochanganywa na vipande vya plastiki vya kupitisha mwanga. Ndani hapakuwa na mtu. Wanafunzi walikuwa nje bombani wakiosha miiko na ndoo, na sauti zao zilisikika kwa mbali. Vumbi la chokaa lilielea bila haraka ya kutua, na mwanga ulioshuka juu yake ulikuwa mweupe na mzito, kama maji yaliyooshewa mchele.

Katikati ya vumbi hilo palikuwa na nyumba.

Hilo peke yake halikumshangaza. Wanafunzi wa uashi hujifunza kwa kujenga na kubomoa. Hawatumii saruji, maana saruji ikishika haiachii. Wanachanganya chokaa na mchanga tu, mchanganyiko dhaifu, ili mwisho wa muhula ukuta ufumuliwe, matofali yakwanguliwe, yapangwe, na wenzao waje wayajenge tena. Ndivyo inavyofanyika kila mahali. Kilichokuwa chake yeye ni waraka. Miaka kadhaa nyuma alipiga marufuku shule yoyote kununua matofali mapya kwa ajili ya mazoezi, kwa sababu ilifika mahali matofali ya mazoezi yanaonekana kwenye mabanda ya kuku ya wakuu wa shule. Waraka ule ulisifiwa sana. Ndio uliomfikisha kwenye kiti alichokalia.

Basi akaiendea ile nyumba aone ubora wa kazi. Kuta zilimfika kidevuni. Alipofika mlangoni mguu wake ukanyanyuka wenyewe, ukavuka kizingiti ambacho macho hayakuwa yamekiona. Akakata kushoto. Hakuna aliyemwambia akate kushoto. Mkono wake ukapapasa ukutani, ukateleza kwenye kishubaka kidogo usawa wa kifua, na vidole vikaingia ndani kutafuta kiberiti.

Hapakuwa na kiberiti. Palikuwa na chokaa tu, baridi, na yeye alikuwa amesimama jikoni kwa mama yake.

Moyo ukamtulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia siku nyingi. Hakujiuliza imekuwaje. Alipita jikoni polepole, akainama mahali ambapo zamani palikuwa na kamba ya nguo, akaingia chumba kilichofuata. Dirisha lake lilikuwa chini mno, karibu na magoti. Fundi yeyote angesema limekosewa. Baba yao aliliteremsha makusudi, kwa sababu binti yake alikuwa mfupi kupita kiasi na alikuwa akilia kwamba wenzake wanaona barabara na yeye haoni. Kilikuwa chumba chake. Akaketi sakafuni kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini, akaegemeza kiwiko dirishani kama alivyozoea. Kule bombani maji yalimwagwa, mtu akacheka, ndoo ikagonga ndoo. Alikaa hivyo akingoja aitwe akaoshe vyombo. Hakuwa na umri wowote, wala kazi, wala jalada.

"Nani yumo humo?" sauti ikauliza kutoka nje ya ukuta. "Usiegemee, bado mbichi."

Kichwa kikatokeza juu ya ukuta, chenye mvi na chokaa, isijulikane ipi ni ipi. Akainuka haraka na kujipangusa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akapangusa vumbi usoni. "Kumbe ni wewe waliyemtuma."

"Ni mimi."

"Umekonda."

"Na wewe umezeeka."

"Hilo si siri," akasema, akazunguka na kuingia kwa mlango. Hakukatiza kwenye pengo la ukuta lililokuwa karibu zaidi.

Walisimama wakitazamana katika chumba kile kidogo. Dada ndiye aliyeanza. "Hii nyumba, kaka."

"Mtaala unataka zoezi la nyumba ndogo. Haukusema ya nani." Alipapasa ukuta kama anayepima unyoofu wake, ingawa mkono ule ulionekana kutaka tu kugusa. "Kila muhula nawajengesha hii. Wanadhani ni ramani ya kitabuni."

"Mbona imebaki nusu?"

Kaka yake alimwonyesha kona ya karakana, palipokuwa na lundo la vipande vya matofali hadi kimo cha mtu. Kila wakibomoa, akasema, mengine yanavunjika. Wanafunzi ni wanafunzi, mikono mizito. Mapya hayaji. Kwa hiyo kila muhula nyumba inarudi ikiwa ndogo kidogo, na yeye anakaa kabla shule haijafunguliwa anafikiri kipi kiondoke.

"Ukaondoa nini?"

"Baraza. Halafu stoo. Halafu sebule, ile iliniuma. Halafu chumba cha wazee, nikasema wao wametangulia, hawatakihitaji."

"Na chako?"

"Changu kilikwenda mwanzo kabisa, kabla ya baraza," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema amegawa shati lililombana.

Mkasi alitazama lile lundo la vipande. "Waraka wa matofali ni wangu. Mimi ndiye niliyeutia saini."

"Niliona. Saini yako naijua tangu ulipokuwa unaichora kwenye mlango wa choo."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikwambie nini, Kitufe? Naomba matofali nimjengee mama jiko?" Akacheka kidogo. Kitufe lilikuwa jina la Mkasi la utotoni, na hakuna mtu mwingine hai aliyelijua. "Wewe una shule zote hizo. Ukiipendelea moja kwa sababu ya kaka yako, utakuwa mtu gani?"

Kisha akamweleza mengine, bila kulalamika, kama anayefundisha. Matofali yakipungua, kuta zinapungua. Kuta zikipungua, hana pa kuwaweka wanafunzi, kwa hiyo kila mwaka anapokea wachache zaidi. Mwalimu ni yuleyule, paa ni lilelile, umeme ni uleule. Gharama ya wengi inagawiwa kwa wachache.

Hakuhitaji kumaliza. Hesabu hiyo dada yake aliifanya kichwani kabla sentensi haijakwisha, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Fani hii ilikuwa ghali kuliko zote kwa sababu yeye aliibania kuliko zote. Alikuja kuikata kwa kosa la kukatwa. Aliona aibu, ikampanda kutoka shingoni hadi masikioni, na haikumsaidia hata kidogo kukumbuka kwamba waraka ule ulisifiwa.

Alitoka nje, akasimama kivulini nyuma ya karakana, akampigia mkurugenzi simu. Hakuzunguka. Alisema mwalimu wa hapa ni kaka yake, alipaswa kusema tangu jana, hakusema, na ripoti hii haiwezi kuwa yake. Akasema pia kwamba waraka wa matofali ndio uliopandisha gharama wanayoilalamikia, na kwamba yeye aliyeuandika anaomba utazamwe upya, katika shule zote, si hii tu.

"Umenitia kwenye matatizo," mkurugenzi akasema. "Waraka unafutwa kwa waraka, na wewe unajua unachukua muda gani. Nitamtuma mwingine akipatikana. Mpaka hapo, waache wamalizie muhula ujao. Baada ya hapo sikuahidi kitu. Na wewe rudi, tuzungumze habari ya jana."

"Nitarudi," akasema. Alijua mazungumzo hayo hayatakuwa matamu.

Alipoingia tena karakana wanafunzi walikuwa wamesharudi, wamejipanga na nyundo na patasi. Kiranja wao, msichana mrefu aliyechomeka mwiko mfukoni mwa nyuma kama kitana, alimwamkia, kisha akamgeukia mwalimu. "Tuanze kufumua?"

"Subirini kidogo."

Mkasi alimvuta kaka yake pembeni, akamwambia yote: muhula mmoja una uhakika, baada ya hapo atakuja mtu mwingine, naye hatamwambia mtu huyo neno, zuri wala baya. Kaka yake aliitikia kwa kichwa. Hakushukuru na hakulaumu. Alitazama jiko, akatazama chumba chenye dirisha la chini, akasugua viganja vyake vilivyopasuka kwa chokaa.

"Leo yatavunjika mengine," akasema. "Yatakayobaki yanatosha chumba kimoja tu, na huenda ndicho cha mwisho. Jiko la mama, au chumba chako. Mimi nimechagua vya kutosha. Chagua wewe."

Alikuwa mtu wa kuchagua. Alishafuta karakana za ushonaji, useremala na ufundi bomba akiwa ameketi kwenye kiti kinachozunguka, mchana akala vizuri. Sasa alisimama katikati ya vyumba vile viwili, akagusa ukuta wa kimoja, kisha wa kingine. Chokaa ilizidi kuelea. Mtu akikaa kimya vya kutosha humo ndani angeweza kuapa kuna anayekwangua sufuria.

"Viondoke vyote viwili," akasema. "Mjenge chako."

Kaka yake alimkodolea macho. Kisha akacheka, akaacha, akasema wanafunzi walete chokaa ya kuchorea, wapime sasa hivi kabla hajabadili mawazo. Akazunguka ukuta wa jiko hadi upande wa pili, kwenye sakafu tupu. Akaenda hatua mbili, akasimama. Akarudi moja. Akanyoosha mkono mbele, akaushusha.

"Dirisha lilikuwa huku," akasema. "Hapana. Huku palikuwa na..." Akajishika paji la uso. Kiranja alingoja na chokaa mkononi. "Jiko ninalo lote kichwani, mpaka msumari wa kutundikia chujio. Chako ninacho. Changu nimekisahau, Kitufe. Nimekiacha muda mrefu mno."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake wote, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

Dada yake alivua viatu. Akachukua chokaa kwa kiranja, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuchora. Hakupima. Alikuwa ameingia chumba kile kila alfajiri ya utoto wake kumwamsha mtu asiyeamka, na mwili ulikumbuka. Ukuta mrefu hapa. Dirisha hapa, linatazama pipa la maji. Kitanda kilikaa huku, na kaka alilaza kichwa upande wa dirisha kwa sababu alidai ndoto nzuri huja na upepo. Hapa aliweka viatu vya shule, hapa palivuja mvua ikinyesha. Aliyasema yote hayo kwa sauti, na wanafunzi walishusha nyundo zao wakasikiliza bila kuelewa ni kitabu gani kinasomwa.

Mwisho akachora mlango, akaacha pengo la upana wake, akainua uso. Kaka yake alikuwa bado nje ya mstari, mikono imening'inia.

"Hodi," akasema polepole.

"Karibu," dada yake akasema, akasogea ili apite.