Kwa Heshima Inayostahili

…na sasa analivunja, bawa lenyewe dogo kama kidole cha mtoto, analishika huku na huku, analipindua, kah, halafu analifyonza, mchuzi mwekundu unamtiririka hadi kwenye mkanda wa saa, na Josephine aliyeketi mbele yake hajui ayapeleke wapi macho, akiyaweka kwenye sahani ya wakili anaona mifupa, akiyaweka kwenye sahani yake mwenyewe anaona majani ya saladi yaliyokwisha kunywea, akiyapeleka dirishani anaona maegesho ya hoteli na theluji chafu iliyosukumwa pembeni, Amherst yote hii, kando ya Buffalo, ni magari na chumvi ya kuyeyushia theluji, magari na chumvi, na bwana huyu, Pruitt, wakili wa kampuni ya dhahabu, anatafuna na kuzungumza kwa wakati mmoja, anamwambia mtu akija Buffalo asipokula mabawa ya kuku huyo hajafika Buffalo, kula bwana, mbona huli, na wala si mabawa yanayompanda Josephine kooni, ni lile alilolisema kabla ya hapo, alilolisema kama mtu anayesema kesho baridi itazidi, "Kati yetu tu, Josephine. Wewe ni mtaalamu, unayajua mambo ya kule. Hakuna anayejua yupi ni yupi. Mvua ilinyesha, mkandarasi ana haraka, tingatinga limeshakodiwa, basi vitu vilivyokuwamo vikaingia shimo moja," vitu vilivyokuwamo, ndivyo alivyowaita wafu waliofukuliwa, halafu akaomba apitishiwe karatasi za kufutia mikono, na mkono wa Josephine, mkono wake huu huu, ukazipitisha.

Akazipitisha. Hilo ndilo linalomtia kichefuchefu zaidi, kwamba mkono ulikwenda wenyewe, umefundishwa adabu mkono huu, umekaa serikalini miaka mingi mno, unajua kupitisha karatasi, unajua kumimina maji kwenye bilauri za pande zote mbili kwa kipimo sawa ili asije mtu akasema umependelea, maana ofisi yao kule Columbus haina rungu, ina viti, mtu akilalamika kwamba kampuni ya Kimarekani imefanya uchafu nchi za watu, ofisi haimfungi mtu, haimtozi mtu, haimwamuru mtu, inawaita pande mbili waje wakae, inawapa kahawa, inawaomba waelewane, na wakielewana inaandika tamko zuri, na Josephine ndiye mwandishi wa matamko mazuri, mkuu wake Lorraine humsifu mbele za watu, anasema hakuna kama Josephine kwa kupata sentensi ambayo kila upande unaweza kuishi nayo, na sentensi ya safari hii aliipata juzi usiku wa… la, mchana, mchana mweupe, mezani pake, akafurahi kabisa, *makaburi yalihamishwa moja moja kwa heshima inayostahili, na kila familia itaonyeshwa mahali alipolazwa mpendwa wao*, moja moja, aliirudia kwa sauti, ikasikika vizuri, Pruitt akaipenda, na baada ya mapumziko haya ya chakula Mama Kavugho, mlalamikaji ambaye kaburi la mama yake ni mojawapo, ataiwekea sahihi, yule pale, anaonekana kwenye mlango wa kioo, amesimama kwenye ujia na koti lake mwilini, tangu asubuhi hajalivua, anaongea na simu, bila shaka na mdogo wake Esperance kule Louisville, anatikisa kichwa, anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetoa habari njema, Mungu wangu, anamwambia mdogo wake leo mambo yanaisha, mama ameonekana…

"Yule mama ni mtu mzuri sana," anasema Pruitt, naye anatazama mlangoni. "Hana makuu. Wengine wangekuja na kelele." Hana makuu, ni kweli hana, hakuomba kitu, ndiyo maana faili lake liliwachanganya wote, kampuni ilijiandaa kwa shule, kwa zahanati, kwa kisima, ikakuta mwanamke anayeuliza swali moja, alikwisha kuliuliza kule Newburg, mtaa wa Louisville, siku ile Josephine alipomfuata nyumbani, ghorofa ya chini ya yale majengo ya matofali, televisheni imefunikwa kitambaa cha kudarizi, harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, imejaa mpaka mlangoni, ndugu wa Lubero kule Kongo wamejazana kwenye kochi kana kwamba wamekuja kupokea posa, na Kavugho ametoka zamu, bado amevaa sare ya zambarau ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, "Bon, dada, miye sitaki bintu byao. Ule mulima, bachimbe, zahabu si yangu. Niko nauliza kintu moja tu. Ile siku banatosha mama mu udongo, nani alikuwa pale? Nani alimuita jina?" na Josephine akadhani hakusikia vizuri, Kiswahili cha Kivu kina kona zake, kutosha kwao ni kutoa, akauliza, kumwita jina vipi, mama, na Kavugho akamshangaa kama unavyomshangaa mtoto wa watu aliyekosa malezi, "Donc, kwenu munatoshaka mufu bila kumuita? Atajua aje kama ni bantu yake? Ata bale bazungu bazee kwenye kazi, mumoja akikufa, miye namuitaka jina mbele ya kumufunika. Namuambia, Dorothy, ni miye Kavugho, nakufunika sasa," na wale wa kwenye kochi wakaitikia mmh, ndiyo hivyo, na Josephine akaandika kwenye kompyuta yake, *mlalamikaji ana wasiwasi kuhusu utaratibu uliofuatwa*, ndivyo alivyoandika, wasiwasi kuhusu utaratibu, na leo asubuhi Kavugho alipolirudia swali mbele ya mkutano, mkalimani wao Anicet, kijana mpole wa Kirundi ambaye hapendi ugomvi hata wa kuku, naye akalilainisha vivyo hivyo, akasema kwa Kiingereza, bi huyu angependa kufahamu ni nani walioshuhudia zoezi, zoezi! na Josephine alisikia, masikio yake mawili yalisikia Kiswahili na yakasikia Kiingereza na shimo lililokuwa katikati, akanyamaza, kwa sababu kanuni zinasema ofisa hatafsiri, ofisa anasimamia, na Pruitt akajibu kwa sauti ya msibani kwamba wazee wa eneo walikuwapo muda wote, wazee wa eneo, na Kavugho akafumba macho akasema asante, akasema asante yule mama…

"Haya ya kuungua ndiyo yenyewe," anasema Pruitt, anasukuma sinia upande wa Josephine, "jaribu haya ya kuungua," na kucha zake zimeingia rangi, kwenye pembe ya mdomo kuna kipande cha ngozi ya kuku kinachocheza kila anaposema neno, na Josephine anasema asante nimeshiba, hajala kitu, ameshiba nini, ameshiba sauti ile, ameshiba neno mtaalamu, wewe ni mtaalamu unayajua mambo ya kule, kule wapi, anajua nini Pruitt juu ya kule, kule kwao Kagera watu hawaendi kuzikwa mbali, mtu anazikwa kibanjani kwake, katikati ya migomba yake, unatoka nje asubuhi unamsalimu, na walipotaka kupanua barabara kaburi la bibi likawa njiani, Josephine alikuwa mtoto wa darasa la pili au la tatu, akapanda juu ya kichuguu aone, na baba yake mdogo Protasi, mlevi yule, mtu ambaye hakuna aliyemtegemea kwa lolote, siku hiyo alioga, akavaa kanzu, akapiga magoti mbele ya kaburi kabla jembe halijagusa ardhi, akasema mama, ni sisi, ni Protasi, tunakuhamisha, si mbali, ni hapo karibu na mti wa mbuni, usishtuke, na watu wazima wakalia, na mhandisi wa barabara, mhandisi wa serikali mwenye kofia ya plastiki, akavua kofia yake akaishika kifuani akasubiri mpaka wamalize, hakuambiwa na mtu, hakuwa na mwongozo wowote wa mwenendo mwema mfukoni, alisubiri tu… na kule Lubero hakuna aliyesubiri, tingatinga lilikodiwa, mvua ilinyesha, na mama yake Kavugho amelala sasa na nani, amelala vipi, kichwa chake kiko na miguu ya nani, hapana, Josephine, usifike huko, anakunywa maji, maji ya hoteli yananuka dawa.

Asiseme. Hilo analijua, kanuni yenyewe ndiye anayeisoma kila kikao kinapofunguliwa, ameisoma leo asubuhi kwa sauti yake ya mtangazaji, yote yatakayosemwa katika upatanishi huu, mezani na pembezoni mwa meza, ni siri ya upatanishi, na Pruitt anaijua vilevile, si mjinga, hakuropoka, mtu kama huyu haropoki, amelisema pembezoni mwa meza makusudi kabisa kwa sababu sasa limefungwa, limewekwa mahali salama, ndani ya Josephine, kama vile mtu anavyotupa taka kwenye pipa la jirani, amemtupia yeye, eti kati yetu tu, na ndani ya hiyo *sisi* yake amemweka na yeye, sisi wenye kuelewa, sisi tusiokuwa na makuu, na akinyamaza basi kweli ni sisi, kampuni itatengeneza vibao vya mbao vyenye majina, itavipanga mstari mzuri, watamlipia Kavugho ndege mpaka Goma, watampeleka kwa gari mpaka mlimani, na mfanyakazi mmoja mwenye fulana safi atamwonyesha kibao, huyu hapa mama yako, na Kavugho atapiga magoti penye udongo mtupu, ataita jina, ataita na ataita, na Josephine atakuwa Columbus anapongezwa na Lorraine, upatanishi uliofaulu, mfano wa kuigwa, pengine na keki, wanapenda keki ofisini, keki yenye krimu ya bluu inayobaki kwenye meno… na akisema? Akisema, Pruitt atalalamika kabla jua halijazama, na Lorraine atamwita, Lorraine hatapaza sauti, atasema Josephine, nimeumia, na atasema hakuna kampuni itakayokaa tena kwenye viti vyetu, na hilo nalo ni kweli, ndilo baya lake, ni kweli, watakaokuja kesho na malalamiko yao watakuta viti vitupu, na mumewe Methodius ataketi kitandani aseme mke wangu, kwani wewe ndiye uliyefukua, na vilevile itakuwa kweli, kila mtu atakuwa na ukweli wake mkononi kama karatasi ya kufutia… na ghafla anaona, hajui imetoka wapi, anaona kwamba kichefuchefu hiki si cha Pruitt, Pruitt anakula tu, mtu analipwa kusema uongo anasema uongo kisha anakula, kichefuchefu ni cha ile sentensi, *kwa heshima inayostahili*, ile aliitafuta yeye, aliipamba yeye, imekaa ulimini mwake tangu juzi kama mafuta ya jana, na hakuna maji ya hoteli yatakayoiosha, hata akinyamaza kwa werevu kiasi gani, na pumzi zake, zilizokuwa juu juu tangu alipoketi, zinashuka zenyewe mpaka tumboni, zinatulia, anashangaa zilivyotulia.

Mlango wa kioo unasukumwa. Kavugho anaingia na mkoba wake kwapani, uso umechangamka, anasema, "Dada, Esperance anakusalimia. Anasema Mungu akuzidishie. Tunaendelea?" na Pruitt anainuka nusu kitini kwa adabu, anajifuta kidole kimoja baada ya kingine, anamwekea yule mama tabasamu, anamwambia Josephine, "Mwambie ajisikie huru kula, chakula kipo tele," na Josephine anasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, si ile ya mtangazaji, ni ya kwao, ya nyumbani, "Mama, keti kwanza. Anicet hayupo, nitakwambia mwenyewe. Kile nilichokiandika si kweli. Hawakuhamisha moja moja. Waliwafukua kwa tingatinga, wakawaweka wote shimo moja, na hawajui mama yako ni yupi. Hakuna aliyemwita. Huyu baba ameniambia sasa hivi, hapa hapa, anakula," na Kavugho haketi, wala halii, mkoba unateremka polepole kutoka kwapani mpaka unaning'inia mkononi, midomo inafanya jina la mtu bila sauti, na Pruitt, kitambaa mkononi, bado anatabasamu, anauliza, "Kuna tatizo lolote?" anamtazama Josephine, anatazama sinia, anatazama saa yake, kila mahali isipokuwa pale aliposimama mwanamke mwenye koti, na Kavugho anasema taratibu, "Bon. Umuambie aniangalie," na Josephine anamgeukia wakili na kumwambia kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kulilainisha hata moja.